Mwili ukigoma au baiskeli ikigoma: utatuzi wa matatizo ya mbio ndefu za baiskeli kwa waendeshaji wa Mombasa

Katika mbio ndefu za baiskeli, tatizo halianzi pale linapojitokeza. Kichefuchefu kinachokushusha kwenye baiskeli saa nane mchana ukirudi kutoka Malindi kilianza saa tatu asubuhi, ulipopita Kilifi chupa zote mbili bado zimejaa. Goti linalochoma siku ya pili liliumizwa siku ya kwanza kwenye mlima wa Mazeras, ulipokataa kushusha gia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "naumwa wapi?", uliza "saa kadhaa zilizopita nilikuwa nafanya nini?"

Mbio tunazozungumzia ni zile ambazo saa haisimami ukilala. Race Across America, iliyoanza mwaka 1982, huvuka Marekani kutoka bahari hadi bahari, kama kilomita 4,800, na anayekwenda peke yake hupewa siku 12. Transcontinental Race ya Ulaya, iliyoanzishwa na Mike Hall mwaka 2013, hairuhusu gari la msaada: mwendeshaji hubeba vyake, hununua chakula njiani, hulala anapopata pa kulala. Jirani zetu wana Race Around Rwanda, yenye takriban kilomita 1,000 za vilima. Aliyeko Mombasa anayejiandaa kwa mambo hayo ana barabara tatu za kujipimia: Malindi na kurudi, kama kilomita 240, Lunga Lunga na kurudi, karibu kilomita 200, na Voi, zaidi ya kilomita 150 kwenda tu, kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 600.

Dalili yoyote utakayoipata, ichunguze kwa mpangilio huu: joto, maji na chumvi, chakula, usingizi, mkao, kisha baiskeli. Kila cha mbele huharibu kinachofuata. Joto likizidi tumbo hufunga. Tumbo likifunga nguvu huisha. Nguvu zikiisha mabega huanguka na uzito wote hulalia viganja. Hapo ganzi na maumivu ya shingo hufuata. Ukikanda shingo bila kushughulikia joto, utaikanda tena baada ya saa mbili.

Tumbo limekataa

Hili huwatoa watu wengi mbioni, na kwa pwani yetu ndilo la kutazamwa kwanza. Ukiendesha juani, misuli inadai damu, na ngozi nayo inadai damu ili itoe joto nje. Tumbo hubakiwa na kidogo, likaacha kusukuma chakula. Unachoendelea kumeza hukaa palepale.

Tofautisha dalili, maana tiba hazifanani:

- Maji yanacheza tumboni na unayasikia yakigonga: tumbo halisukumi. Ama kinywaji chako kina sukari nyingi mno, ama mwendo ni mkali kuliko joto linavyoruhusu.
- Kichefuchefu huku tumbo tupu na kinywa kikavu: umepungukiwa maji, au sukari ya damu imeshuka.
- Kiungulia na kucheua mafuta: ulikula vya kukaangwa kisha ukakaza mwendo.
- Tumbo linakata na unaharisha: umezidisha tende, juisi ya embe au asali kwa mkupuo, au maji uliyojaza njiani si salama.

Tiba ya kichefuchefu cha joto ni hii, na mpangilio wake una maana:

1. Punguza mwendo mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Kaa hivyo dakika 20. Ikibidi usimame, simama kivulini, kamwe si juani.
2. Jimwagie maji kichwani, shingoni na mikononi. Nusu lita juu ya ngozi wakati huu ina faida kuliko nusu lita nyingine ndani ya tumbo lililofungwa.
3. Dakika 15 za kwanza usile. Piga funda moja la maji kila dakika tano, ulambe chumvi kidogo.
4. Likianza kutulia, kula kikavu chenye wanga: biskuti za kawaida, mkate mweupe, kiazi cha kuchemsha kilichotiwa chumvi. Kipande cha tangawizi mbichi huwasaidia wengi.
5. Baada ya nusu saa rudia kinywaji chenye sukari, lakini nusu ya ukali wake.

Kutapika mara moja si mwisho wa mbio. Kutapika kila unachomeza kwa zaidi ya saa moja ni mwisho, kwa sababu kwenye joto hili huna njia nyingine ya kurudisha maji mwilini.

Kinga iko kwenye kipimo cha kinywaji. Chupa ya ml 750 itie vijiko vinne vya mezani vya sukari, vilivyosawazishwa, yaani kama gramu 50. Robo kijiko cha chai cha chumvi, ambayo ni karibu mg 600 za sodiamu. Na ndimu kwa ladha. Ukali wake ni karibu asilimia 7, na tumbo linaupitisha vizuri. Soda ina kama gramu 10 au 11 za sukari kwa kila ml 100, kwa hiyo ichanganye nusu kwa nusu na maji. Sukari ya dukani haina ubaya wowote hapa: nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi, na kila moja ina mlango wake kwenye utumbo. Glukosi pekee hukwama kwenye karibu gramu 60 kwa saa. Zikiwa pamoja utumbo uliozoeshwa hufika gramu 90. Kuuzoesha ni kazi ya wiki kadhaa. Anza na gramu 40 kwa saa kwenye mazoezi, uongeze 10 kila wiki.

Ndizi ya wastani ina kama gramu 25 za wanga, na tende tano ndogo hazipishani nayo mbali. Gramu 150 za viazi vya kuchemsha hukupa kama 30. Wali mweupe wenye chumvi uliofinyangwa na kufungwa kwenye karatasi hukaa vizuri mfukoni kwa saa chache, lakini usiule wa jana. Kwenye joto hili huharibika bila kunuka. Mahamri, viazi karai na bajia ni vya alfajiri au jioni, mwendo ukiwa wa taratibu, kwani mafuta huchelewesha tumbo. Mbaazi za nazi ziache hadi umalize: nyuzi na tui pamoja hujaza gesi. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linachotoa kwa wingi ni sodiamu. Yatie chumvi au yanywe pamoja na kitu cha chumvi, kama karanga au achari.

Hasira, machozi, miguu ya pamba

Mwendeshaji anayeanza kuchukia barabara, upepo na wenzake mara nyingi ameishiwa sukari tu. Dalili nyingine ni kutetemeka, jasho la baridi na kusahau kubadili gia. Mpe gramu 30 za sukari ya haraka, kama soda ndogo au vijiko viwili vya asali na maji, na ndani ya dakika 15 atarudi. Akirudi, lazima ale chakula halisi papo hapo, la sivyo atashuka tena baada ya nusu saa. Kwenye mbio za siku nyingi mwili huchoma kalori 8,000 na zaidi kwa siku, na utumbo hauwezi kulipa deni lote. Usifanye uamuzi wowote mkubwa, hasa wa kujitoa, kabla ya kula, kunywa na kukaa kivulini kwanza.

Kichwa kinauma: maji yamepungua au yamezidi?

Hapa makosa ni ya hatari, kwa kuwa kupungukiwa maji na kuzidisha maji vyote huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu. Mwenye moja akipewa tiba ya nyingine anaweza kufa.

Aliyepungukiwa ana kiu, mkojo mchache wa rangi ya chai, ngozi ya mkono ukiibana inachelewa kurudi, na uzito wake umeshuka. Aliyezidisha hana kiu, tumbo limejaa, pete na mkanda wa saa vinabana, vidole vimevimba, uzito umebaki palepale au umepanda. Sodiamu ya damu yake imezimuliwa. Huyo mnyime maji matupu. Mpe chakula cha chumvi au supu yenye chumvi nyingi, apumzike mpaka akojoe kwa wingi. Akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, ni hospitali mara moja.

Njia ya kutofikia hapo ni kujipima jasho. Jipime uzito bila nguo, endesha saa moja kwa mwendo wako wa mbio, jifute, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja, ongeza ulichokunywa. Rudia asubuhi na mchana, kwa sababu namba hutofautiana sana. Mtu mzima kwenye barabara ya Malindi adhuhuri anaweza kutoa lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Usijaribu kurudisha zote. Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 au 3 ya uzito wako, na kutopanda uzito hata kidogo.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na jasho linalodondoka chini halijakupoza. Linalopoza ni lile linalokauka ngozini. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa huchosha kuliko nyuzi 35 za Voi, ambako hewa ni kavu. Upepo una mkono wake pia. Kusi likivuma, takriban Aprili hadi Septemba, hukusukuma ukielekea Malindi. Unaenda kasi, unajiona hodari, lakini upepo ukiwa mgongoni hewa haipiti juu ya ngozi na joto hujilimbikiza bila wewe kujua. Kisha unageuka na kurudi umeelekeza uso kwenye upepo, ukiwa umeshachoka. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: ni kwenda ndiko kunakokuchosha. Kwa vyovyote, tembea na upepo wa mgongoni kwa nguvu ileile uliyopanga, usiifuate kasi.

Dalili moja haina mjadala. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba, au akakataa maji kwa ukali usio wake, mchukulie kuwa amepigwa na joto kali, hata kama bado anatoka jasho. Mpeleke kivulini, mvue jezi na kofia, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na mpepee. Kama kuna barafu kutoka duka la soda au la samaki, weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kupoza kunatangulia kusafirisha. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199, huku mwingine akiendelea kumwagia maji.

Matako na kinena

Angalia ngozi kabla ya kulala kila siku ya mbio, kwa kioo au kwa kamera ya simu. Aibu hapa ni ghali.

Wekundu unaochoma pembeni mwa mapaja ni msuguano. Chanzo ni chumvi ya jasho iliyokauka kwenye kaptula, kiti kipana mno, au kiti kilichopanda juu kiasi kwamba nyonga zinayumba kushoto na kulia. Mwambie mtu aangalie mgongo wako ukiendesha; kiuno kikicheza, shusha kiti mm 3, ujaribu tena. Kaptula yenye pedi huvaliwa bila nguo ya ndani. Paka vaselini au krimu ya kuzuia msuguano kabla ya kuanza na tena kila saa tano au sita.

Uvimbe mgumu wenye kichwa ni jipu dogo. Usilikamue. Osha kwa maji baridi na sabuni, kausha kabisa, paka krimu ya zinki, badili kaptula na ubadilishe kidogo mahali unapokalia kwa kusogeza kiti mm 3 nyuma au mbele. Jipu likikua, wekundu ukisambaa au homa ikapanda, nenda kwa daktari. Dawa ya kupaka haifiki ndani.

Muwasho wenye ukingo mwekundu unaosambaa kama duara ni fangasi, na kwa unyevu wetu ni jambo la kawaida. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku huiondoa, lakini ukiendelea kuvaa kaptula mbichi itarudi. Kaptula haikauki usiku mmoja Mombasa ukiianika tu. Ifue, izungushe ndani ya taulo kavu, ikanyage taulo kwa miguu, ndipo uianike penye feni au upepo. Beba mbili, daima.

Ganzi kwenye sehemu za siri haipuuzwi hata dakika kumi. Simama kwenye pedali nusu dakika kila robo saa. Inamisha pua ya kiti digrii moja au mbili, si zaidi, maana ukizidisha utateleza mbele na kuhamishia uzito mikononi. Kwa wanawake wanaopata uvimbe upande mmoja, kiti chenye mwanya katikati na kipana kidogo nyuma kwa kawaida husaidia kuliko pedi nene. Ganzi isiyoisha saa chache baada ya kushuka inahitaji daktari.

Viganja na shingo

Kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi, mshipa wa fahamu wa ulna unabanwa chini ya kiganja, upande wa nje. Vikifa gumba, cha shahada na cha kati, ni mshipa wa median, katikati ya kifundo. Kwa wote wawili sababu ni uzito mwingi juu ya usukani: usukani uko mbali au chini mno, kiti kimeinamia mbele, au tumbo na mgongo vimechoka. Pandisha usukani mm 10, ongeza tabaka la pili la utepe, badilisha mahali pa kushika kila dakika tano, na punguza upepo wa tairi la mbele kidogo. Kidole kikikosa nguvu ya kubana breki, hilo si la kuvumilia tena. Ni suala la usalama, na huweza kuchukua wiki nyingi kupona.

Shingo ina ugonjwa wake kwenye mbio hizi, unaoitwa kwa jina la Michael Shermer, mmoja wa wanne walioanza mbio za kwanza za kuvuka Marekani mwaka 1982. Misuli ya nyuma ya shingo huchoka kabisa, kichwa kikaanguka kifuani na mwendeshaji akashindwa kutazama mbele. Huanza na kitu kidogo: unajikuta umeegemeza kidevu kwenye kiganja, au unaangalia barabara kwa pembe ya juu ya miwani. Ukiyaona hayo, simama na upandishe usukani papo hapo kadiri shina lake linavyoruhusu. Vua taa ya kichwani na kila kizito kilicho kwenye kofia. Kichwa kikishaanguka, kulala usiku mmoja hakukirudishi; watu hutumia kola ya shingo au mikanda ya kukifunga, lakini mtu asiyeweza kugeuza shingo kuangalia lori nyuma hana haki ya kuwa kwenye barabara ya Mombasa–Nairobi. Kinga ni mazoezi ya shingo na mabega miezi mitatu kabla, na kuendesha mkao wako halisi wa mbio kwenye safari ndefu.

Magoti

Maumivu mbele ya goti: kiti kiko chini, au unasukuma gia nzito. Nyuma ya goti: kiti kiko juu. Upande wa nje: kliti ya kiatu, yaani kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedali, imegeuka, au kiti kiko juu. Kisigino cha juu, kwenye mshipa mkubwa: kliti iko mbele mno. Rekebisha mm 3 kwa wakati, kitu kimoja kwa wakati, uendeshe angalau saa moja kabla ya kugusa kingine. Kanyagio liwe mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika tambarare, na kwenye mlima lisishuke chini ya 65. Kama huna gia ya kukuwezesha hivyo, badilisha gia za nyuma kabla ya mbio, goti halibadilishwi.

Macho yanafumba

Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, macho yakifumba sekunde tatu umekwenda zaidi ya mita 20 bila dereva. Kabla ya hapo kuna ishara: unapiga miayo mfululizo, hukumbuki kilomita mbili zilizopita, mstari wa barabara unaonekana unacheza, vichaka vinageuka watu. Muziki, kuimba na maji ya uso hukupa dakika chache tu, zikutoshe kufika mahali salama pa kulala.

Kunywa kahawa chungu kikombe kimoja au viwili, kisha lala papo hapo dakika 15 hadi 20, kengele ikiwa imewekwa. Kafeini huanza kufanya kazi wakati unaamka. Ukiwa na muda zaidi, lala dakika 90. Ukikatisha usingizi katikati, sema dakika 45, wengi huamka wazito kuliko walivyolala. Saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ndipo mwili unapodai zaidi, kwa hiyo panga kulala muda huo badala ya kupigana nao. Na kafeini ikome kama saa sita kabla ya usingizi wako mkuu.

Mahali pa kulala ni sehemu ya tiba. Kituo cha mafuta chenye mlinzi, nyumba ya wageni, msikiti au kanisa ukiomba ruhusa kwa adabu. Kutoka Maungu kupita Voi hadi Mtito Andei barabara inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi; ndovu huvuka, na malori hayatarajii baiskeli gizani. Sehemu hiyo ni ya mchana tu, na kulala kichakani huko hakupo kabisa kwenye orodha ya chaguo.

Gia zinaruka, cheni inalia

Hewa ya chumvi hula cheni usiku mmoja. Ukipita ufukweni, ukivuka feri ya Likoni siku ya mawimbi, au ukinyeshewa, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushe kwa kitambaa, tia tone moja la oili kwa kila pingili, subiri dakika kumi, kisha ufute ya nje yote. Oili inayoonekana nje ya cheni ni gundi ya mchanga. Njiani rudia kila kilomita 200 hadi 300.

Cheni ikiruka, zungusha pedali kinyumenyume polepole uitazame. Pingili moja ikiruka kila mzunguko, imekakamaa: ipinde upande hadi upande kwa vidole. Ikiruka kwenye gia moja tu unapokaza, gia hiyo imeliwa. Ikichelewa kupanda gia kubwa, kebo imelegea. Zungusha kirekebishi cha kebo, pale inapoingia kwenye kibadilisha gia, robo zamu kinyume cha saa, ujaribu. Zikiruka zote baada ya baiskeli kuanguka upande wa kulia, sikio la fremu linaloshika kibadilisha gia limepinda. Sikio la akiba ni la lazima na huwa la fremu yako pekee. Fundi wa Mariakani ana mikono mizuri lakini hatakuwa nalo.

Pima cheni kabla ya mbio: pingili 12 kamili za cheni mpya (kila moja ikiwa ya ndani na ya nje pamoja) ni mm 304.8. Ikifika karibu 306.3 kwenye baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma, badilisha, vinginevyo itakula gia ghali.

Pancha zisizoisha

Pancha ikirudi baada ya kuzibwa, chanzo bado kiko ndani ya tairi. Kwenye bega la barabara ya Nairobi mabaki ya tairi za malori huacha nyuzi nyembamba za chuma zisizoonekana kwa macho. Pitisha pamba ndani ya tairi. Itanasa kwenye uzi. Utoe kwa kikucha au kikoleo. Funga tairi kila mara maandishi yake yakilingana na vali, ili tundu la tyubu likuonyeshe mahali pa kutafuta kwenye tairi.

Matundu mawili sambamba: upepo ulikuwa mdogo, rimu imeibana tyubu. Tundu upande wa ndani: utepe wa rimu umehama. Tundu kwenye shina la vali: pampu iliyumbishwa. Mpasuko wa tairi ubandikwe kwa ndani kipande cha mfuko wa dawa ya meno, kisha tyubu ipulizwe pungufu kidogo. Kwa mwendeshaji wa kilo 75 mwenye mizigo na tairi za mm 32 zenye tyubu, psi 55 hadi 65 zinatosha. Usijaze hadi mwisho alfajiri ukajua utaiegesha juani adhuhuri. Wenye tairi zisizo na tyubu waangalie maji ya kuziba kila mwezi, kwani joto huyakausha mapema kuliko maandishi ya kopo yanavyodai.

Spoki imekatika

Mara nyingi ni ya gurudumu la nyuma, upande wa gia. Ifunge iliyokatika kwenye jirani yake kwa utepe. Rimu itakuwa imevutwa upande wa pili. Legeza nusu zamu spoki mbili za jirani zinazovuta upande huo, mpaka tairi lisiguse fremu. Wenye breki za rimu wafungue breki ya nyuma kidogo. Ya pili ikikatika ndani ya siku hiyohiyo, tatizo ni gurudumu lote kulegea, na linahitaji fundi wa kulikaza upya. Beba spoki mbili za kila urefu, zimefungwa kwenye fremu.

Taa zinafifia, simu haichaji

Kwanza tazama tundu la chaji: jasho na chumvi huacha ukungu wa kijani. Lipulize, lisugue kwa mswaki mkavu, usichaji likiwa bichi. Dainamo ya kawaida ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hutoa wati 3, na chini ya kilomita 15 kwa saa haiwezi kulisha taa na simu pamoja. Mlimani chagua taa. Pawabenki iliyoachwa juu ya mfuko juani hupoteza uwezo na inaweza kuvimba. Iliyovimba haitumiki tena, hata ikiwa imejaa. Weka njia yote kwenye simu bila intaneti kabla ya kuondoka, andika namba za dharura kwenye karatasi ndani ya plastiki, na uwe na taa ya pili ya nyuma yenye betri zake, imefungwa kwenye fremu na si kwenye mfuko, ili mfuko ukilegea isielekee chini.